Mchango wa Wapenzi wa Santuri katika Kuhifadhi na Kuandika Historia ya Jazi, 1917–1952

Ikisiri

Historia ya jazi haikuanza kuandikwa na wanahistoria wa vyuo vikuu. Ilianza kuandikwa na wapenzi waliokusanya santuri chakavu, wakazisikiliza pamoja, wakapendekezeana zilizowavutia na kubishana juu ya majina ya waliopiga. Makala hii inachunguza kazi ya wapenzi hao nchini Ufaransa, Uingereza na Marekani kuanzia santuri ya kwanza ya jazi hadi kesi za uharamia wa mwaka 1952. Inajenga hoja kwamba mazoea ya kupendekezeana santuri yaliokoa muziki uliokuwa ukipotea na kuwarudishia wapigaji majina yao. Hata hivyo, mazoea hayohayo yaliwapa wasikilizaji wachache mamlaka ya kuamua jazi ni ipi, na yaliwaacha wanamuziki wengi bila malipo. Makala inahitimisha kwa kutaja funzo ambalo watafiti wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki wanaweza kulipata katika historia hiyo.

1. Utangulizi

Jazi ni miongoni mwa aina za mwanzo za muziki ambazo historia yake ilihifadhiwa katika santuri kabla ya kuhifadhiwa katika vitabu. Jambo hili lina faida na hasara. Faida yake ni kwamba sauti ya mpigaji aliyefariki miaka mingi iliyopita bado inasikika. Hasara yake ni kwamba kisichoingia katika santuri huelekea kusahaulika, na kilichoingia kwanza huchukuliwa kuwa ndicho kilichotangulia.

Mfano wa hasara hiyo ulijitokeza siku ya kwanza kabisa. Tarehe 26 Februari 1917, kundi lililoitwa Original Dixieland Jazz Band lilirekodi kwa kampuni ya Victor mjini New York, na santuri iliyotokana na kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi. Wanamuziki wake wote walikuwa Wazungu kutoka New Orleans, ilhali muziki wenyewe ulikuwa umekuzwa kwa kiasi kikubwa na watu weusi wa mji huo. Buddy Bolden, mpiga koneti mweusi ambaye wazee wa New Orleans walimtaja kuwa miongoni mwa waanzilishi, hakuacha rekodi yoyote inayojulikana. Msikilizaji aliyetegemea santuri peke yake angeweza kudhani kwamba jazi ni kazi ya watu ambao kwa hakika walikuwa wanafunzi wake.

Kwa hiyo swali la nani alisikiliza nini, alikipata wapi na alimpendekezea nani si swali la burudani tu. Ni swali la namna historia inavyotengenezwa.

2. Santuri zilizotupwa

Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba takribani dakika 3 za muziki, nayo ilikuwa nyepesi kuvunjika kama kigae. Mnamo Aprili 1923 kundi la King Oliver, likiwa na kijana Louis Armstrong kama mpiga koneti wa pili, lilirekodi katika studio ya Gennett mjini Richmond, katika jimbo la Indiana. Studio hiyo ilikuwa kando ya reli, na kazi ililazimika kusimama treni zilipopita. Hakukuwa na maikrofoni. Wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa iliyopokea sauti zao. Katika mazingira hayo ndipo ilipopatikana mojawapo ya hazina kubwa za jazi.

Kampuni za santuri hazikuiona kuwa hazina. Baada ya wimbo wa Mamie Smith uliorekodiwa mwaka 1920 kuuzwa kwa wingi, kampuni kadhaa zilianzisha mifululizo maalumu iliyolenga wanunuzi weusi. Santuri hizo zilitangazwa katika magazeti ya watu weusi na kuuzwa katika mitaa yao, na nyingi hazikufika kabisa katika maduka ya Wazungu. Kibandiko cha katikati kilitaja wimbo, mtunzi na jina la bendi. Majina ya wapigaji mmojammoja hayakuonekana kuwa na umuhimu wa kuchapishwa.

Kisha uchumi ukaanguka. Nchini Marekani mauzo ya santuri yalishuka kutoka zaidi ya milioni 100 mwaka 1927 hadi takribani milioni 6 mwaka 1932. Kampuni zilifungwa au kununuliwa, na santuri za miaka ya 1920 ziliondolewa katika orodha za mauzo. Chini ya miaka 10 tangu zirekodiwe, kazi za Oliver, za Jelly Roll Morton na za kundi la Armstrong lililoitwa Hot Five zilikuwa zikipatikana katika maduka ya vitu vikuukuu, katika maghala na katika vyumba vya watu waliokuwa wakihama.

Hapo ndipo wapenzi walipoingia. Vijana, wengi wao wanafunzi wa Kizungu, walianza kupekua marundo ya santuri kuukuu na kubisha hodi katika mitaa ya watu weusi wakiuliza kama kuna santuri zinazouzwa. Aliyepata santuri mbili zilizofanana alibaki na moja na kubadilishana nyingine. Aliyepata moja tu aliwaalika wenzake kuisikiliza. Uhaba ndio uliozaa urafiki, na urafiki ndio uliozaa klabu.

3. Klabu na kikao cha usikilizaji

Nchini Ufaransa klabu ya Hot Club de France ilianza mwaka 1932, na Hugues Panassié, kijana aliyezaliwa mwaka 1912, akawa kiongozi wake mashuhuri. Charles Delaunay, mwana wa wachoraji Robert na Sonia Delaunay, alijiunga naye na kuwa mhimili wa kazi za klabu. Nchini Uingereza klabu ya kwanza ya aina hiyo, iliyoitwa Rhythm Club, ilianzishwa London mwaka 1933, na baada ya muda mfupi miji mingine iliiga mfano huo.

Shughuli kuu ya klabu hizi ilikuwa kikao cha usikilizaji. Mwanachama mmoja alileta santuri alizozichagua, akazipanga kwa mfuatano wenye hoja, akaeleza kila moja ilirekodiwa lini na nani anasikika, kisha akaweka sindano. Baada ya hapo wenzake walikubali au walipinga. Mtoa mapendekezo hakutosheka kusema kwamba santuri fulani ni nzuri. Alitakiwa aonyeshe uzuri uko wapi: katika mlango wa tarumbeta, katika namna mpiga klarineti anavyojibu, au katika mapigo yanayosukuma bendi nzima. Kwa namna hiyo ilijengeka lugha ya uhakiki ambayo haikuwapo kabla.

Kwa Waingereza santuri ilikuwa na uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 1935 mgogoro kati ya vyama vya wanamuziki vya nchi hizo mbili, pamoja na msimamo wa serikali kuhusu vibali vya kazi, ulizuia bendi za Kimarekani kupiga Uingereza kwa takribani miaka 20. Kizazi kizima kiliijua jazi kwa sikio, bila kuwaona wapigaji wake jukwaani. Santuri haikuwa kumbukumbu ya onyesho. Ndiyo iliyokuwa onyesho lenyewe.

4. Kuwarudishia wapigaji majina yao

Mwaka 1936 Delaunay alichapisha mjini Paris kitabu kilichoitwa Hot Discography. Hakikuwa kitabu cha sifa bali orodha ya santuri, na neno diskografia linalotumika leo lilipata umaarufu kutokana nacho. Badala ya kupanga santuri kwa kampuni na namba za mauzo kama wafanyabiashara walivyozoea, Delaunay alizipanga kwa kufuata wanamuziki. Kwa kila kikao cha kurekodi alijitahidi kutaja nani alipiga koneti, nani piano, nani ngoma. Pale vibandiko viliponyamaza, aliwauliza wanamuziki wenyewe, hasa Wamarekani waliopita Paris, na kulinganisha majibu yao na yale yaliyosikika katika santuri.

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Muziki ulizaliwa Marekani na kampuni zilizourekodi zilikuwa na daftari zao huko, lakini orodha hiyo ya msingi ilitungwa Paris na mpenzi asiye na cheo cha kitaaluma.

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana katika mfano mmoja. Mnamo Mei 1926 kampuni ya Vocalion ilirekodi kundi lililotajwa kwenye kibandiko kama Lil's Hot Shots, yaani kundi la Lil Hardin. Aliyekuwa akipiga koneti na kuimba ni mumewe, Louis Armstrong, ambaye wakati huo alikuwa na mkataba na kampuni ya OKeh. Jina lilifichwa, sauti haikufichika. Wasikilizaji waliokuwa wamezizoea santuri za Hot Five walimtambua mara moja. Kampuni nyingine zilitoa muziki uleule kwa majina ya bendi zisizokuwapo ili kuuza kwa bei nafuu. Bila masikio ya wapenzi waliolinganisha santuri na santuri, wapigaji wengi wangebaki wafanyakazi wasio na majina.

Nchini Marekani kazi kama hiyo ilifanywa na Milt Gabler katika duka la familia yake lililoitwa Commodore, lililokuwa katika Mtaa wa 42 mjini New York. Kutokana na maombi ya wateja waliopendekezeana santuri zilizokwisha sokoni, Gabler alizishawishi kampuni kumchapishia upya nakala chache. Mwaka 1935 alisaidia kuanzisha muungano wa klabu za Marekani, United Hot Clubs of America, na santuri zilizotolewa kwa jina la muungano huo zilichapisha majina ya wapigaji kwenye kibandiko. Kwa wanamuziki weusi waliozoea kulipwa kwa upande wa santuri na kusahauliwa, jambo hilo lilikuwa ni kutambuliwa.

Duka hilo liliendelea kuwa lebo ya santuri. Mwaka 1939 Billie Holiday alitaka kurekodi Strange Fruit, wimbo unaohusu watu weusi walionyongwa na makundi ya Wazungu katika majimbo ya Kusini. Kampuni ya Columbia, iliyokuwa na mkataba naye, ilikataa. Gabler alikubali, na wimbo ulitolewa na Commodore. Kwa hiyo mojawapo ya rekodi zenye uzito mkubwa wa kisiasa katika karne ya 20 ilipita kwenye mlango uliofunguliwa na wakusanyaji wa santuri kuukuu.

5. Mipaka ya sikio

Pamoja na mafanikio hayo, mamlaka ya msikilizaji yalikuwa na mipaka ambayo wapenzi wenyewe hawakuiona kila mara. Mwaka 1934 Panassié alichapisha kitabu kilichoitwa Le Jazz Hot, kilichosomwa sana ng'ambo zote mbili za Atlantiki. Ndani yake aliwapa wapigaji wa Kizungu nafasi kubwa kupita kiasi. Miaka minane baadaye, katika kitabu kilichotoka Marekani kwa jina la The Real Jazz, alikiri kwamba aliijua jazi kwanza kupitia Wazungu na kwa hiyo alikosea katika kupima. Hukumu yake ya awali ilitokana kwa sehemu kubwa na santuri zilizomfikia: za wapigaji weusi zilikuwa zimeuzwa katika mitaa ambayo wafanyabiashara wa Ulaya hawakuagiza kitu.

Mfano wa pili ni wa Bunk Johnson. Watafiti wapenzi waliokuwa wakiandaa kitabu Jazzmen, kilichotoka mwaka 1939, walimpata mpiga tarumbeta huyo mzee katika mji mdogo wa New Iberia, Louisiana. Hakuwa na meno wala tarumbeta. Wapenzi walichanga fedha, akatengenezewa meno na Leonard Bechet, daktari wa meno na kaka wa mpiga klarineti Sidney Bechet, na mwaka 1942 akarekodi mjini New Orleans. Kazi hiyo ilimrudisha mtu aliyesahaulika na kumfungulia njia mpiga klarineti George Lewis. Hata hivyo, Johnson alikuwa amewaeleza wageni wake kwamba alizaliwa mwaka 1879, alipiga pamoja na Bolden na alimfundisha Armstrong. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa yamkini alizaliwa takribani miaka 10 baada ya mwaka huo, na Armstrong mwenyewe alimtaja King Oliver kuwa mwalimu wake. Wapenzi walikuwa wamemtafuta shahidi wa mwanzo wa jazi, na shahidi aliwapa ushahidi walioutamani.

Mfano wa tatu ulizigawa klabu zenyewe. Mnamo Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilisimamisha kazi za kurekodi ili kudai sehemu ya mapato ya santuri, na baadhi ya kampuni kubwa hazikuafikiana nacho hadi Novemba 1944. Katika kipindi hichohicho vijana wa New York, wakiwamo Charlie Parker na Dizzy Gillespie, walikuwa wakiunda mtindo mpya ulioitwa bibopu. Wapenzi wa Ulaya, waliotengwa pia na vita, hawakuusikia ukikua hatua kwa hatua. Ulipowafikia katika santuri baada ya vita, uliwajia kama lugha ngeni. Delaunay aliupokea na kuupigia debe. Panassié alisema si jazi kabisa. Mwaka 1947 wawili hao waliachana, na umoja wa klabu walioujenga kwa miaka 15 ukavunjika.

Mgawanyiko huo unaonyesha hatari iliyo ndani ya mapendekezo. Anayependekeza santuri humfungulia mwenzake mlango, lakini akishazoea kuombwa ushauri anaweza kujiona mwenye nyumba.

6. Nani alilipwa?

Swali zito zaidi linahusu riziki. Methali ya Kiswahili inasema mcheza kwao hutunzwa. Katika historia ya jazi methali hiyo ilipinduka. King Oliver, ambaye santuri zake za mwaka 1923 zilikuwa zikisakwa na wakusanyaji wa Paris, London na New York, alifariki Aprili 1938 mjini Savannah, Georgia, akiwa fukara. Afya ya meno na fizi ilikuwa imemzuia kupiga, na katika miaka yake ya mwisho alifanya kazi ya usafi katika ukumbi wa mchezo wa biliadi. Kadiri santuri zilivyopanda bei mikononi mwa wakusanyaji, yeye hakupata chochote, kwa kuwa kitu kilichouzwa na kununuliwa kilikuwa kigae kikuukuu, si haki ya mwanamuziki.

Tatizo hilo lilifika mahakamani baada ya santuri ndefu kuanza kuuzwa mwaka 1948. Mpenzi mmoja wa New York, Dante Bollettino, alianzisha lebo aliyoiita Jolly Roger, jina la bendera ya maharamia, na kutoa upya rekodi za zamani bila idhini. Hoja ya watetezi wake ilikuwa kwamba kampuni zilizomiliki rekodi hizo zimezifungia ghalani. Mwaka 1951 jarida la wakusanyaji, The Record Changer, lilifichua kwamba kiwanda cha RCA Victor kilikuwa kikimchapishia Bollettino santuri hizo kwa malipo, zikiwamo rekodi zilizokuwa mali ya Victor yenyewe. Kampuni iliyowalaumu maharamia ilikuwa ikiwauzia mashua. Mwaka 1952 Columbia na Louis Armstrong walifungua kesi, na lebo hiyo ikafungwa. Katika miaka iliyofuata kampuni kubwa zilianza kutoa upya hazina zao kwa utaratibu zaidi.

Katika mvutano huo kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Wapenzi walidai kwamba muziki usiosikika umekufa. Kampuni zilidai kwamba mali ina mwenyewe. Lakini wapigaji wengi wa miaka ya 1920 walikuwa wamelipwa mara moja tu siku ya kurekodi, na ushindi wa upande wowote haukubadilisha hali yao wala ya wajane wao.

7. Funzo kwa Afrika Mashariki na Kati

Neno jazi lina historia yake katika eneo hili. African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz za Kongo, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz za Tanzania zilibeba jina hilo huku zikipiga rumba na mitindo mingine ya dansi. Nazo zilikuwa na deni kwa santuri: santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa katika miaka ya 1930, zilisambaa barani Afrika na kuwa shule ya wapiga magitaa wengi. Hapa pia muziki ulihama kwa mtu kumwambia mwenzake asikilize.

Lakini kazi aliyoifanya Delaunay mwaka 1936 haijakamilika katika eneo hili. Kwa nyimbo nyingi za dansi zilizohifadhiwa katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam na katika santuri za miaka ya 1960 na 1970, jina la bendi linajulikana na la mwimbaji hutajwa, ilhali mpiga gitaa la besi, mpiga tumba na wapiga saksofoni wamebaki katika kumbukumbu za wazee wachache. Wazee hao ni mashahidi wa aina ileile waliosikilizishwa santuri mjini Paris, na hawatakuwapo daima.

Uzoefu uliojadiliwa unaelekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya wapigaji ikusanywe kwa kuwasikilizisha wahusika rekodi zenyewe, na majibu ya mmoja yalinganishwe na ya mwingine, ili yaliyomkuta Bunk Johnson yasijirudie. Pili, orodha ipangwe kwa wanamuziki, si kwa bendi maarufu pekee, kwa kuwa mapendekezo ya mashabiki huwapendelea wanaojulikana tayari. Tatu, kumtaja mpigaji kuendane na kutambua haki yake ya mrabaha, kwa maana jina lisilo na riziki ni heshima nusu.

8. Hitimisho

Wapenzi wa santuri walifanya kazi ambayo kampuni, vyuo na serikali hazikuifanya kwa wakati wake. Waliokota kilichotupwa, wakakisikiliza kwa makini na kuandika majina. Makosa yao yalitokana na mambo yaleyale yaliyowapa nguvu: walitegemea kilichowafikia, waliamini walichokipenda, na walidhani kuokoa sauti kunatosha kumwokoa mwenye sauti. Kaburi la King Oliver liko New York, na santuri zake za mwaka 1923 bado zinasikilizwa. Watafiti wa muziki wa dansi wangali na nafasi ambayo wapenzi wa Oliver hawakuitumia: baadhi ya wapigaji wangali hai, na wanaweza kuulizwa, kutajwa na kulipwa wakiwa wanasikia.